Hagler na Leonard: Hesabu ya Urithi wao Tukiuweka Kando Usiku wa 6 Aprili 1987

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1987, katika ulingo uliosimikwa nje kwenye eneo la hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas, majaji watatu waliotazama pambano moja la ngumi la raundi 12 walitoa kadi tatu ambazo ni vigumu kuamini kwamba zilitokana na watu walioketi kandokando ya ulingo uleule. Lou Filippo alimpa ushindi bingwa mtetezi, Marvelous Marvin Hagler, kwa pointi 115 kwa 113. Dave Moretti alikuwa na hesabu hiyohiyo, ila aligeuza majina na kumpa ushindi Sugar Ray Leonard. JoJo Guerra wa Mexico aliandika 118 kwa 110 upande wa Leonard, yaani katika raundi 12 alimwona Hagler akishinda mbili tu. Mkanda wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) wa uzito wa kati, ambao Hagler alikuwa ameushika tangu Septemba 1980, ukahamia kiuno kingine.

Tangu hapo, kila unapozuka ubishi juu ya nani kati ya wawili hawa aliacha urithi mkubwa zaidi, mazungumzo huanzia kwenye usiku huo na kuishia hapohapo. Anayempenda Leonard husema kwamba aliyemshinda mwenzake ndiye mkubwa. Anayempenda Hagler husema kwamba ushindi ule uliporwa, kwa hiyo mkubwa ni aliyeporwa. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinalitwisha pambano lililoamuliwa kwa raundi moja, kama nitakavyoonyesha, mzigo wa kupima kazi ambayo kwa Hagler ilijumuisha mapambano 67 na kwa Leonard 40. Katika uchambuzi huu nitauchunguza kwanza usiku wenyewe na yaliyouzaa, kisha nitaufuta katika rekodi ya kila mmoja na kuangalia kinachobaki.

Ni vyema kuanza miaka saba na nusu nyuma, kwa sababu mabondia hawa waliwahi kupanda ulingo mmoja usiku mmoja bila kupigana wao kwa wao. Tarehe 30 Novemba 1979, palepale Caesars Palace, Hagler alipigana raundi 15 na Vito Antuofermo kuwania ubingwa wa uzito wa kati, na watazamaji wengi waliamini kwamba ameshinda. Majaji walitoa sare, na kwa kuwa sare humwachia bingwa taji lake, Hagler alishuka ulingoni mikono mitupu. Baadaye usiku huo Leonard alimkabili Wilfred Benitez kuwania ubingwa wa WBC wa uzito wa welter, ulio chini ya uzito wa kati, na zikiwa zimebaki sekunde sita tu za raundi ya 15 mwamuzi alisimamisha pambano na Leonard akawa bingwa wa dunia. Malipo ya Leonard yalikuwa dola milioni moja. Hagler, aliyekuwa katika mwaka wake wa saba wa ngumi za kulipwa, alipata dola 40,000.

Kiasi hicho cha mwisho kina kejeli yake. Leonard alipopigana pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, mjini Baltimore mwezi Februari 1977, likirushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa, alilipwa takriban dola 40,000. Aliyokuja kuyapata Hagler katika nafasi ya kwanza ya ubingwa wa dunia, baada ya mapambano karibu 50, mwenzake aliyapata siku aliyoanza kazi. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini Hagler alikaa na kinyongo hadi uzee hana haja ya kuanzia 1987.

Tofauti hiyo ilikuwa na sababu zake. Leonard, aliyelelewa Palmer Park katika jimbo la Maryland, alitoka kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya 1976 na medali ya dhahabu, tabasamu la kupendwa na kamera, na wakili, Mike Trainer, aliyehakikisha kwamba bondia wake hamilikiwi na promota yeyote. Hagler alizaliwa Newark, na baada ya ghasia zilizoutikisa mji huo mwaka 1967 mama yake aliihamishia familia Brockton, Massachusetts, mji uliokwisha kumtoa bingwa wa uzito wa juu Rocky Marciano. Huko akawakuta ndugu wawili, Goody na Pat Petronelli, wakufunzi na mameneja wake, ambao hakuwaacha hadi siku ya mwisho ya kazi yake. Kwa kukosa jina, alilazimika kwenda Philadelphia kuwafuata wababe wa uzito wa kati ambao wengine waliwakwepa. Alishindwa huko mara mbili mwaka 1976, kwanza na Bobby Watts kisha na Willie Monroe, na baadaye akarudi kuwapiga wote wawili kwa nokauti. Husimuliwa kwamba Joe Frazier, aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu, alimwambia ana mikosi mitatu: ni mweusi, hutumia mkono wa kushoto, na anajua kupigana.

Taji alilipata London, tarehe 27 Septemba 1980, alipomchana uso Mwingereza Alan Minter hadi mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya tatu. Hata hapo hakupewa nafasi ya kufurahi. Watazamaji wa Wembley walirusha chupa na makopo ya bia ulingoni, watu wa kona yake wakamfunika kwa miili yao, na bingwa mpya wa dunia akatolewa ukumbini chini ya ulinzi wa polisi kabla ya kuvishwa mkanda. Mwaka 1982 alikwenda mahakamani akabadilisha jina lake kisheria liwe Marvelous Marvin Hagler, kwa kuwa watangazaji walikataa kumwita hivyo kwa hiari yao. Wapo waliomcheka. Binafsi naona hatua hiyo ya kudai kwa hati ya mahakama sifa ambayo wenzake walipewa bure inamweleza Hagler kuliko rekodi yake yote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kisa hiki kina mlango ambao wachambuzi wa Marekani huupita haraka, nao ni wa Waganda wawili. Leonard alikutana na Ayub Kalule, na Hagler akakutana na John Mugabi, na hakuna kati ya mapambano hayo lililokuwa la kupitishia muda.

Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1974 mjini Havana, akahamia Denmark kufanya ngumi za kulipwa, na tangu 1979 alikuwa bingwa wa Chama cha Ngumi cha Dunia (WBA) wa uzito wa kati mwepesi bila kushindwa hata pambano moja. Alikuwa mpiganaji wa mkono wa kushoto, mgumu, asiyerudi nyuma. Leonard alipanda kutoka uzito wa welter na kumkabili tarehe 25 Juni 1981 mjini Houston, na pambano lilikuwa zito hadi sekunde za mwisho za raundi ya tisa, Kalule alipoangushwa na mwamuzi akaamua kuwa imetosha. Leonard alipiga sarakasi palepale ulingoni, kisha mkanda aliouchukua hakuutetea hata mara moja. Ushindi ule hutajwa kwa mstari mmoja katika simulizi za maisha yake. Nadhani unastahili zaidi, kwa sababu ndio uliomfundisha, miaka sita kabla, namna ya kumkabili mtu wa shoto mwenye mwili mkubwa kuliko wake na asiyeacha kusogea mbele.

Mugabi aliingia kwenye kisa kwa njia nyingine. Katika fainali ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alishindwa na Mkuba Andrés Aldama, ambaye ndiye Leonard aliyemshinda kwenye fainali yake ya Montreal, michezo ambayo Uganda, Kenya na Tanzania ziliisusia. Alipoingia ngumi za kulipwa alipewa jina la Mnyama, na hadi alipokutana na Hagler hakuna mpinzani wake hata mmoja aliyesimama hadi kengele ya mwisho. Tarehe 10 Machi 1986, Caesars Palace, alimlazimisha bingwa kupigana kama hakuwa amelazimishwa kwa muda mrefu. Raundi ya sita ilikuwa ya kubadilishana makonde mazito kwa karibu dakika tatu nzima. Hagler, ambaye kwa kawaida aliyakwepa makonde kwa kuzungusha mabega, aliyapokea mengi usoni, na uso ukavimba. Alishinda kwa nokauti raundi ya 11, Mugabi akiwa amekaa chini hana nguvu za kuinuka, lakini aliyekuwa akitazama kwa makini angeona kwamba miguu ya bingwa haikuwa ile ya mwaka 1981.

Leonard alikuwa akitazama kwa makini. Aliketi kandokando ya ulingo usiku ule, na mwenyewe amesimulia kwamba ni hapo alipoamini kwa mara ya kwanza kuwa Hagler anapigika. Wakati huo alikuwa amestaafu mara mbili. Mwaka 1982 aligundulika kuwa retina ya jicho lake la kushoto imebanduka, akafanyiwa upasuaji, na mwezi Novemba mwaka huo akaandaa hafla kubwa Baltimore, akamwalika Hagler aliyekuja amevaa suti akitarajia kusikia pambano la mamilioni likitangazwa, kisha mbele yake akatangaza kwamba pambano hilo halitafanyika kamwe. Mwaka 1984 alirudi kupigana na Kevin Howard, akaangushwa raundi ya nne, akashinda raundi ya tisa, akastaafu tena usiku uleule. Kwa hiyo, alipotangaza Mei 1986 kwamba anamtaka Hagler, na Hagler peke yake, alikuwa mtu aliyepigana mara moja tu katika miaka minne. Mchango wa Mugabi katika historia ya ngumi, kwa maoni yangu, ni mkubwa kuliko mkanda alioushika baadaye: bila makonde yake ya raundi ya sita, Leonard huenda angebaki kwenye kiti chake cha utangazaji.

Sasa tufike mezani, maana pambano hili lilianza kupotezwa mezani. Kambi ya Hagler ilitaka fungu kubwa la fedha na ikalipata: dola milioni 12 za uhakika, pamoja na sehemu ya mapato, dhidi ya milioni 11 za Leonard. Kambi ya Leonard iliridhika kuchukua pungufu, ikaomba mambo matatu ambayo kwa asiyejua ngumi yanaonekana madogo. La kwanza, raundi ziwe 12 badala ya 15. La pili, ulingo uwe wa futi 20, ambao ni mpana kwa mtu anayetaka kuzunguka. La tatu, glovu ziwe za wakia 10, zenye sifongo zaidi, ambazo hupunguza uzito wa konde. Hagler alikubali yote matatu. Mtu aliyelipwa dola 40,000 usiku ambao mwenzake alilipwa milioni alipewa hatimaye nafasi ya kuonekana kwenye mkataba kuwa ndiye mkubwa, na sioni kama angeweza kuikataa. Lakini kwa jicho la ulingoni aliuza miguu ya pambano akanunua heshima ya karatasi.

Ili kuona uzito wa raundi tatu zilizoondolewa, inatosha kulirudia pambano lake na Roberto Durán la tarehe 10 Novemba 1983. Baada ya raundi 13, Durán alikuwa mbele kwa pointi moja kwenye kadi za majaji wawili, na sawa kwenye ya tatu. Hagler alizichukua raundi mbili za mwisho akashinda kwa kadi zote, kwa tofauti ya pointi moja, moja na mbili. Huyo alikuwa bondia wa masafa marefu, ambaye injini yake ilizidi kuwaka mwenzake alipokuwa akizimika, na miaka mitatu hivi baadaye aliweka sahihi kwenye mkataba unaomaliza safari mapema.

Jambo la pili aliloligawa bure lilikuwa ulingoni kwenyewe. Hagler, mtu wa shoto aliyejenga utawala wake wote kwa shoto, alianza raundi ya kwanza na ya pili amesimama kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyewahi kutoa maelezo yanayoniridhisha ya uamuzi huo. Wapo wanaosema alitaka kuthibitisha kwamba anaweza kumshinda Leonard kwa ufundi wa Leonard. Majaji wote watatu walimpa Leonard raundi hizo mbili. Kuanzia ya tatu Hagler alirejea kwenye shoto, na pambano likabadilika.

Hapa ndipo panapohitaji hesabu ya kadi, ambayo wabishi wengi hawaifanyi. Kwa kawaida mshindi wa raundi hupewa pointi 10 na mwenzake 9, hivyo kadi ya Filippo ilikuwa raundi saba kwa tano upande wa Hagler. Kadi ya Guerra ilikuwa kumi kwa mbili upande wa Leonard. Ya Moretti, iliyoamua, ilikuwa saba kwa tano upande wa Leonard. Kama raundi moja tu ya Moretti ingegeuka, kadi yake ingesoma sita kwa sita, pointi 114 kwa 114. Majaji wangekuwa mmoja kwa Hagler, mmoja kwa Leonard na mmoja sare, na matokeo yangekuwa sare, ambayo ingemwachia bingwa mkanda wake kama ilivyomwachia Antuofermo mwaka 1979. Hagler alihitaji raundi moja, naye alikuwa ametoa mbili kwa mkono usio wake. Wanaoilaumu kadi ya Guerra, ambayo kwa kweli haitetewi na mtu yeyote niliyewahi kubishana naye, wanasahau kwamba hata angeandika 115 kwa 113 Leonard bado angeshinda. Wanasahau pia kwamba Guerra aliingia kwenye kiti kile kwa sababu kona ya Hagler ilimkataa jaji Mwingereza Harry Gibbs. Gibbs alilitazama pambano kwenye televisheni na baadaye akasema kwamba yeye angempa Hagler.

Nimelitazama pambano hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilipolifuata pamoja na sauti za watangazaji na umati, kadi yangu ilisoma saba kwa tano kwa Leonard. Nilipozima sauti kabisa na kubaki na picha na kalamu, ilisoma sita kwa sita. Tofauti ilitoka kwenye sekunde 30 za mwisho za raundi kadhaa, ambapo mtu wa kona ya Leonard alimpigia kelele kumjulisha muda uliobaki, naye akamwaga mfululizo wa makonde mepesi ya kasi. Kwa sauti, makonde hayo ni mvua ya mawe, kwa sababu watu zaidi ya 15,000 wanalipuka kwa pamoja. Bila sauti unaona mengi yakitua kwenye mikono na mabega ya Hagler, huku Hagler akiendelea kusogea mbele bila kutikisika. Lakini unaona pia jambo ambalo mashabiki wa Hagler hawapendi kulisikia: alikosa mno. Hesabu ya makonde iliyofanywa na CompuBox, kampuni ya takwimu za ngumi, ilimpa Leonard makonde 306 yaliyofika kati ya 629 aliyorusha, na Hagler 291 kati ya 792. Mfalme alikuwa akiukimbiza upepo.

Raundi ya tisa inafaa kutazamwa peke yake. Hagler anamsukuma Leonard kwenye kona, anampiga mbavuni, na kwa mara ya kwanza miguu ya Leonard inaonekana kutaka kukaa. Badala ya kumkumbatia mwenzake ili apumzike, kama yeyote mwenye mapafu yaliyokwisha angefanya, Leonard anajibu kutoka kwenye kamba, mara tatu, mara nne, na kila Hagler anapodhani amemmaliza anapokea makonde matano ya haraka. Mtu aliyepigana mara moja katika miaka mitano hakupaswa kuwa na akiba hiyo. Raundi ni ya Hagler, kwa kadi yangu na za wengi, lakini aliyetoka nayo na sifa ni Leonard.

Hukumu yangu juu ya usiku ule, basi, ni kwamba ulikuwa wa kukaribiana mno, kwamba ushindi wa Leonard haukuwa wizi, na kwamba sare isingemshangaza mtu mwadilifu. Jambo la namna hiyo halitoshi kuwapanga watu wawili katika historia. Tuliondoe.

Kwa Leonard, kinachobaki kimekusanyika ndani ya miezi isiyozidi 22, kutoka Novemba 1979 hadi Septemba 1981, na sidhani kama kuna bondia wa kizazi chake aliyewahi kuwa na kipindi kama hicho. Alimwondolea Benitez ubingwa pamoja na sifa ya kutoshindwa. Alishindwa kwa pointi na Durán mjini Montreal, Juni 1980, kwa kukubali kupigana vita vya Durán, kisha miezi mitano baadaye mjini New Orleans akapigana vita vyake mwenyewe, akicheza, akimdhihaki, hadi Durán, mtu aliyesifika kwa kutojua kurudi nyuma, akageuza mgongo raundi ya nane na kukataa kuendelea. Akampiga Kalule. Kisha, tarehe 16 Septemba 1981, akakutana na Thomas Hearns.

Pambano hilo la Hearns ndilo ninaloliona kuwa nguzo ya urithi wa Leonard, kubwa kuliko la Hagler. Hearns alikuwa mrefu kuliko yeye, mwenye ngumi ya mbele iliyofika kabla hujaiona, na hajawahi kushindwa. Hadi mwisho wa raundi ya 13 Leonard alikuwa nyuma kwenye kadi zote tatu, jicho la kushoto limevimba, na kocha wake Angelo Dundee alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi kwamba pambano linamponyoka. Katika raundi ya 13 alimkandamiza Hearns kwenye kamba, na ya 14 akamaliza kazi. Hapo hapakuwa na ulingo wa kuomba wala raundi za kupunguza.

Kwa Hagler kinachobaki ni utawala. Alitetea ubingwa wake mara 12 bila kushindwa katika muda wa miaka sita na nusu, katika uzito mmoja, bila kuruka kwenda kutafuta mikanda rahisi. Alimpiga Hearns tarehe 15 Aprili 1985 katika muda wa takriban dakika nane, pambano ambalo raundi yake ya kwanza hutajwa hadi leo kuwa miongoni mwa raundi bora zilizowahi kupiganwa. Paji la uso lilichanika, damu ikamtiririkia machoni, na katika raundi ya tatu mwamuzi Richard Steele akampeleka kwa daktari. Steele alipomuuliza kama anaona, inasimuliwa kwamba Hagler alijibu kwa kuuliza kama kuna ngumi anayomkosa mwenzake. Aliporuhusiwa kuendelea, Hearns hakudumu. Ni kweli kwamba Hearns alikuwa amevunjika mkono wa kulia katika raundi ya kwanza, lakini aliuvunjia kwenye kichwa cha Hagler, na hilo nalo ni sehemu ya hesabu.

Dosari za kila mmoja nazo hazilingani. Za Hagler ni za orodha ya wapinzani: ukimwondoa Hearns, Durán na Mugabi, wengi aliotetea taji dhidi yao walikuwa mabondia wazuri wa wakati wao ambao majina yao hayakuvuka wakati huo, na kati ya wale watatu Durán na Hearns walikuwa wamepanda kutoka uzito wa chini. Si kosa lake. Alipigana na waliokuwepo. Dosari za Leonard ni za tabia ya kuchagua. Alichagua lini apigane, na nani, katika uzito upi, na mara nyingine sheria zenyewe zikapindishwa zimfae. Mwaka 1988 alimpiga Donny Lalonde na kuhesabiwa ameshinda mataji ya uzani mbili tofauti kwa pambano moja, jambo linalonukia uhasibu kuliko ndondi, na ndilo linalowezesha kusema kwamba alikuwa bingwa wa uzani tano. Mwaka 1989 aliangushwa mara mbili na Hearns akapewa sare ambayo yeye mwenyewe baadaye alikiri hakuistahili. Mwaka 1991 alipigwa na Terry Norris, kijana ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amemlaza Mugabi raundi ya kwanza, na mwaka 1997, akiwa na miaka 40, akasimamishwa na Hector Camacho raundi ya tano. Mapambano matano aliyopigana baada ya Hagler yalimletea ushindi mara mbili, sare moja na vipigo viwili. Hagler, baada ya Leonard, hakupigana tena.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya njia yangu ni kwamba nimemwonea Leonard kwa kuufuta ushindi wake mkubwa. Ni pingamizi la haki, na jibu lake ni kwamba hata ukifutwa bado ninamweka mbele ya Hagler, kwa nafasi chache, katika orodha ya mabondia wa uzani zote kwa pamoja. Aliwashinda Benitez, Durán na Hearns wakiwa katika ubora wao au karibu nao, na katika uzito wa welter. Hagler aliwakuta wawili kati ya hao katika uzito wake yeye. Ukiurudisha ushindi wa 1987, nafasi hizo zinaongezeka kidogo, kwa sababu ya miaka mitano aliyokaa nje kuliko kwa sababu ya kadi.

Katika orodha ya uzito wa kati peke yake jibu linageuka, na hapo wala sihitaji kuufuta usiku wowote. Leonard alipigana pambano moja la ubingwa katika uzito huo, akaliacha taji bila kulitetea, akaenda zake. Hagler aliingia humo mwaka 1973, akawafuata mjini kwao watu waliowaogofya wenzake, akasubiri ubingwa kwa zaidi ya miaka saba, akaushika kwa sita na nusu, na siku ulipomtoka alikuwa na umri wa miaka 32. Leonard alitaka marudiano miaka michache baadaye. Hagler, akiwa amekwisha kuhamia Italia, alimjibu kwamba hana haja.